Kuhama kutoka chuo cha jamii kwenda chuo kikuu cha miaka minne: nimalize shahada ya miaka miwili kwanza, au nifuate masomo ya fani?

Mitambo_Mtarajiwa

Habari zenu, ndugu zangu. Ninasoma katika chuo cha jamii hapa California na ninakusudia kuhamia chuo kikuu ili nikamilishe shahada ya kwanza ya uhandisi wa mitambo. Hadi mwisho wa muhula wa machipuo nilikuwa na yuniti 38 (yuniti, au krediti, ni kipimo cha uzito wa somo), zikiwemo kalkulasi ya kwanza na ya pili, kemia ya mwanzo, masomo mawili ya uandishi wa Kiingereza, saikolojia na historia ya Marekani. Muhula huu wa vuli ndiyo kwanza ninaanza fizikia, pamoja na kalkulasi ya tatu.

Mshauri wa masomo chuoni kwetu amenielekeza nikamilishe masomo yote ya jumla, nichukue shahada ya miaka miwili ya hisabati ya aina ya ADT (Associate Degree for Transfer, yaani shahada ya kuhamia), kisha ndipo niombe kuhama. Mwanafunzi mwenzangu wa uhandisi anasema kwamba nikifuata njia hiyo nitafika chuo kikuu nikiwa na yuniti za kutosha lakini bila masomo yanayotakiwa na fani yenyewe, na kwamba miaka miwili iliyobaki itageuka kuwa mitatu. Wote wawili wanaonekana kujua wanachokisema, nami nimekwama katikati.

Ninayo maswali mengine mawili. Kabla ya kuja huku nilisoma mwaka mmoja katika chuo kikuu nyumbani Tanzania, na sijui kama ni lazima niutaje mwaka huo katika maombi, kwa kuwa alama zake hazikuwa nzuri sana. Na binamu yangu aliyeko jimbo la Washington yuko kwa viza ya mwanafunzi ya F-1, naye pia anataka kuhama. Je, utaratibu wake ni sawa na wangu mimi mwenye ukaaji wa kudumu?

Nati_na_Bolti

Ndugu yangu, mshauri wako na mwenzako wote wana haki, ila kila mmoja anajibu swali lake. Mshauri anajibu swali la kukubaliwa, mwenzako anajibu swali la kumaliza. ADT, ambayo ilianzishwa kwa sheria ya jimbo ya mwaka 2010, inamhakikishia mwanafunzi nafasi katika mfumo wa California State University akiwa na hadhi ya mwaka wa tatu, lakini nafasi hiyo ni ndani ya mfumo kwa jumla, si lazima iwe katika kampasi anayoitaka wala katika fani anayoitaka. Ile ahadi kwamba utamaliza shahada ya kwanza kwa yuniti 60 zinazosalia inahusu fani inayofanana na ADT yako, na uhandisi wa mitambo haufanani na hisabati kwa kipimo hicho.

Jambo la kulishika hapa ni tofauti kati ya yuniti inayopokelewa na yuniti inayotumika. Chuo kikuu kinaweza kupokea yuniti zako zote 60 bila kukataa hata moja, kisha 20 kati yake zikabaki kwenye transkripti, yaani rekodi rasmi ya masomo na alama zako, kama masomo ya hiari ambayo fani yako haina haja nayo. Mtu akikuambia kwamba "masomo yote yanahamishika", hajakudanganya. Lakini hajakuambia lini utahitimu.

Kwa hiyo anzia mwisho. Fungua tovuti ya ASSIST, ambayo ndiyo kumbukumbu rasmi ya makubaliano kati ya vyuo vya jamii vya California na mifumo miwili ya vyuo vikuu vya umma (California State University na University of California), uchague chuo chako, kampasi unayoilenga, kisha fani yenyewe. Kushoto utaona somo la chuo kikuu, kulia somo la kwenu linalolingana nalo. Soma viunganishi kwa makini kuliko majina ya masomo: masomo mawili ya kwenu yakiwa yameunganishwa kwa "na" mbele ya somo moja la chuo kikuu, ukisoma moja tu hujatimiza kitu. Jambo hili hutokea sana katika fizikia, kwa sababu kampasi nyingi za University of California zinatumia robo za mwaka badala ya mihula, hivyo mfululizo wa mihula miwili au mitatu hulinganishwa na mfululizo wa robo ukiwa mzima, na kuukatia katikati ni kujitafutia pengo. Mahali palipoandikwa kwamba hakuna somo linalolingana, usihangaike. Ama utalisoma baada ya kuhama, ama utalipata katika chuo cha jamii cha jirani, ambacho nacho utakihakiki kwenye ASSIST kwa kampasi ileile.

Kwa uhandisi wa mitambo, kampasi nyingi hutaka kalkulasi hadi ya tatu, aljebra ya mstari na milinganyo ya diferensha, fizikia ya kalkulasi sehemu ya mekanika na ya umeme na sumaku, kemia, uandishi wa programu za kompyuta, na mara nyingi statiki, yaani somo la kani katika vitu vilivyotulia. Ukitazama mnyororo huo utaona kwamba fizikia ndiyo itakayoamua tarehe yako ya kuondoka, wala si idadi ya yuniti. Mekanika unaisoma sasa. Umeme na sumaku pamoja na statiki huja baada yake, yaani muhula wa machipuo. Ukiziweka humo, unaweza kuomba vuli hii na kuhama vuli ijayo. Ukizisogeza ili upate nafasi ya masomo ya jumla, umejiongezea mwaka.

Hata hivyo, usiyatupe masomo ya jumla yote. California State University inataka mhamiaji awe amemaliza masomo manne ya msingi, yaani mawasiliano ya mdomo, uandishi, tafakuri tunduizi na hesabu, kwa alama isiyopungua C-, kabla ya vuli ya kuhamia. Katika orodha yako sioni somo la kuhutubia, liingize haraka. Uliza pia kama somo lako la pili la uandishi linahesabiwa kuwa la tafakuri tunduizi. Upande wa University of California wanadai masomo saba: mawili ya uandishi, moja la hesabu, na manne kutoka angalau maeneo mawili kati ya sanaa na fasihi, sayansi za jamii, na sayansi asilia. Kwa saikolojia, historia, kemia na fizikia ya sasa, wewe unakaribia kuyatimiza bila kuongeza kitu.

Mwalimu_wa_Hesabu

Ninaheshimu maelezo ya ndugu aliyetangulia, lakini ninaona ametoa ushauri unaomfaa mwanafunzi ambaye maisha yake hayatatikisika. Mimi ninafundisha katika chuo cha jamii, na wengi ninaowaona wanafanya kazi saa nyingi na wanalea. Takwimu za National Student Clearinghouse, shirika linalokusanya takwimu za wanafunzi wa vyuo, zinaonyesha kwamba takriban theluthi moja tu ya wanaoanza masomo katika vyuo vya jamii nchini Marekani huhamia vyuo vya miaka minne, na takriban 16 kati ya kila 100 ndio hupata shahada ya kwanza ndani ya miaka sita. Anayeondoka na yuniti 64 bila cheti chochote, kisha akakatizwa njiani, hana cha kumwonyesha mwajiri.

Ushauri wangu ni kwamba aliyechagua ADT ya hisabati amechagua cheti kisicho chake. Uliza kama chuo chenu kina ADT ya fizikia. Masomo yake makuu ni mfululizo wa fizikia ya kalkulasi pamoja na kalkulasi tatu, ambayo utayasoma vyovyote iwavyo kwa ajili ya uhandisi. Vyuo vingine vina shahada ya miaka miwili ya uhandisi iliyotungwa na chuo chenyewe, isiyo na dhamana ya ADT lakini yenye masomo machache ya jumla. Tahadhari moja tu, na ninaitaja kwa sababu majina yanafanana: kuna shahada za miaka miwili za ufundi, zilizokusudiwa kumpeleka mtu kazini moja kwa moja, kama za ufundi wa magari au uchomeleaji. Masomo yake ni mazuri kwa kazi hiyo, ila mengi hayahesabiwi katika shahada ya kwanza ya uhandisi.

Usisahau pia hesabu ya fedha. Mkaazi wa California analipa dola 46 kwa yuniti katika chuo cha jamii, wakati ada ya msingi ya California State University kwa mwaka wa masomo 2025–26 ilikuwa dola 6,450, kabla ya ada za kampasi. Kila somo la miaka miwili ya mwanzo utakaloacha ukalisome huko, utalisoma kwa bei ya huko. Kinyume chake pia ni kweli: kuna kikomo cha yuniti 70 za chuo cha jamii zinazohesabiwa kwenye shahada, kwa hiyo kukaa muda mrefu ukikusanya masomo si akiba.

Nati_na_Bolti

Mwalimu, hoja ya fizikia ninaikubali kabisa na ningeitaja mwenyewe. Bado ADT yoyote inadai mpango mzima wa masomo ya jumla, na hapo ndipo mwanafunzi wa uhandisi hubanwa, kwa kuwa masomo ya fani peke yake yanajaza mihula. Kwa anayehofia kukatizwa, upo utaratibu wa kuhamisha yuniti kinyumenyume: akishahamia chuo kikuu anayarudisha masomo aliyosoma huko kwenye chuo chake cha jamii na kupewa shahada ya miaka miwili. Si kila chuo hulifanya jambo hilo kwa urahisi, lakini inafaa kuulizia kabla ya kuondoka.

Bi_Msajili

Kijana wangu, nitajibu lile la mwaka wa Tanzania, kwa kuwa kazi yangu ni kupitia transkripti za wanaohamia katika chuo kikuu cha umma. Utaje. Fomu za maombi za mifumo yote miwili zinakutaka uorodheshe kila chuo ulichowahi kusajiliwa baada ya sekondari, ndani na nje ya Marekani, hata kama hutaki yuniti zake. Kuficha kunaweza kufuta nafasi uliyokwisha kupewa, na hufutwa wakati mbaya zaidi, mtu akiwa ameshaacha nyumba aliyopanga. Alama za wastani za mwaka mmoja wa zamani, zikifuatwa na yuniti 38 nzuri za sasa, huwa hazimtishi anayesoma faili.

Mwaka huo pia haukuondolei kipaumbele ulicho nacho. University of California inawatanguliza wanafunzi wa vyuo vya jamii vya jimbo, na masharti ya kuhesabiwa mmoja wao ni kwamba chuo cha jamii kiwe ndicho ulichosoma mwisho katika muhula wa kawaida, na uwe umemaliza humo angalau yuniti 30. Unayo yote mawili.

Ama kuhusu kupata yuniti kwa masomo ya Tanzania, kila kampasi ina utaratibu wake. Nyingine hutaka tathmini ya shirika lililo mwanachama wa NACES, umoja wa mashirika yanayotathmini masomo ya nje ya Marekani, nyingine hutathmini zenyewe, basi uliza kabla ya kulipa. Usidhani kwamba kwa kuwa chuo chako cha jamii kimekutambulia somo fulani la nyumbani, chuo kikuu nacho kitalitambua. Sisi huanza upya, tukiwa na transkripti ya asili mbele yetu. Agiza transkripti hiyo sasa, iletwe rasmi kutoka ofisi ya msajili wa chuo kile, kwa sababu barua za kutoka mbali huchelewa na tarehe zetu hazisubiri.

Niongeze jambo ambalo wanafunzi hawaliamini hadi liwafike: tunza silabasi zako zote. Somo lisipokuwa katika makubaliano yoyote, mimi hutumia karatasi hiyo kuamua. Silabasi yenye jina la somo, jina la mhadhiri na sheria za mahudhurio hainisaidii chochote. Ile yenye mada za kila wiki, kitabu kilichotumika na saa za maabara hunitosha kumpelekea mkuu wa idara na kupata jibu. Katika kemia na fizikia, mara nyingi saa za maabara ndizo zinazoamua. Ukinyimwa somo unaloamini linalingana, una haki ya kukata rufaa, na rufaa bila silabasi ni maneno matupu.

Hasara ya yuniti si hadithi ya vijiweni. Ripoti ya GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, iliyotolewa mwaka 2017 ilikadiria kwamba wanafunzi waliohama kati ya mwaka 2004 na 2009 walipoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao. Kwa waliotoka chuo cha umma kwenda chuo kingine cha umma ilikuwa asilimia 37. Sehemu kubwa ya hasara hiyo huanzia kwenye kuchagua masomo kabla ya kujua mtu anakwenda wapi.

Mwisho, wewe una ukaaji wa kudumu, hivyo unastahili msaada wa serikali kuu. Unapojaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada huo, ongeza vyuo vikuu vyote unavyoviomba, la sivyo taarifa zako zitabaki kwenye chuo chako cha sasa. Pell Grant, ruzuku ya serikali kuu ambayo kwa 2025–26 kiwango chake cha juu kilikuwa dola 7,395, hutolewa kwa jumla ya mihula 12 tu ya muda wote maishani, na mihula ya chuo cha jamii imo ndani ya hesabu hiyo. GPA yako, yaani wastani wa alama, ya chuo cha jamii itatumika kukukubali, lakini kwa kawaida GPA ya chuo kikuu huanza upya siku ya kwanza.

Mgeni_wa_Puget

Nimjibie binamu, kwa kuwa nilipitia njia hiyohiyo nikiwa na F-1 katika jimbo la Washington. Upande wa masomo shauri lake linafanana na lako: huko kuna makubaliano yanayoitwa DTA, ya krediti 90 za robo mwaka, ambayo yanawafaa wanaosomea sanaa na sayansi za jamii, lakini kwa uhandisi, fizikia na kompyuta upo mpango wa AS-T wa mkondo wa 2, unaotanguliza hesabu na fizikia na kuahirisha baadhi ya masomo ya jumla. Asipouliza, huenda akawekwa kwenye DTA kwa sababu ndiyo ya wengi.

Upande wa uhamiaji ndipo mnapoachana. Barua ya kukubaliwa haimtoshi. Akishaamua chuo, anaipeleka barua hiyo kwa ofisa wa wanafunzi wa kigeni wa chuo cha sasa, nao wanakubaliana tarehe ya kuihamisha rekodi yake ya SEVIS, mfumo wa serikali kuu wa kumbukumbu za wanafunzi wa kigeni. Kabla ya tarehe hiyo chuo kipya hakiwezi kumpa I-20 yake ya uhamisho, ile fomu inayothibitisha uanafunzi wake kwa uhamiaji. Baada ya tarehe hiyo chuo cha zamani hakina tena mamlaka juu ya rekodi. Kwa hiyo asikubali tarehe kabla hajawa na hakika ya chuo anachokwenda. Masomo katika chuo kipya lazima yaanze ndani ya miezi mitano tangu alipohamishwa kutoka chuo cha zamani, au tangu programu yake ilipomalizika, lolote lililotangulia. Hadi siku anaondoka, ni lazima abaki na mzigo kamili wa masomo, ambao ni krediti 12 kwa muhula au robo, na katika hizo ni somo moja tu la mtandaoni linalohesabiwa. Mtu wa F-1 hawezi kulegeza muhula wa mwisho kwa kuacha somo gumu kama anavyoweza mwenye ukaaji.

FAFSA haimhusu, wala msaada wa serikali kuu. Njia iliyobaki ni ufadhili wa vyuo vyenyewe na wa mashirika binafsi. Phi Theta Kappa, jumuiya ya wanafunzi bora wa vyuo vya miaka miwili iliyoanzishwa mwaka 1918, inafaa kuitafuta mapema, kwa maana vyuo vikuu vingi vimetenga ufadhili wa wahamiaji kwa ajili ya wanachama wake.

Mitambo_Mtarajiwa

Shikamoo Bi Msajili, shikamoo Mwalimu, na ninawashukuru wote. Nimekaa na ASSIST kwa kampasi nne. Kwa tatu kati yake, statiki ya chuoni kwetu inatambuliwa. Kwa ya nne haina somo linalolingana. Nimeshajiandikisha somo la kuhutubia linaloanza katikati ya muhula, na chuo chetu kweli kina ADT ya fizikia, ingawa ningehitaji masomo manne zaidi ya jumla kuikamilisha, hivyo nitaomba bila hiyo. Swali langu la mwisho: nikituma maombi vuli hii nikiwa nimeorodhesha masomo ya machipuo ambayo bado sijayasoma, kisha ratiba ikabadilika, itakuwaje? Na je, ile dhamana ya kukubaliwa kwa wanaohamia inayoitwa TAG inanifaa?

Bi_Msajili

Marahaba, mwanangu. TAG hutolewa na kampasi sita za University of California, nazo ni Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz. Berkeley, Los Angeles na San Diego hazimo. Unaomba kwa kampasi moja tu, mwezi wa Septemba pekee, na baadhi ya kampasi zimeziondoa fani za uhandisi kwenye dhamana hiyo, basi soma jedwali la mwaka huu la kampasi yako kabla ya kuandika chochote. Kuomba TAG hakukuondolei wajibu wa kutuma maombi ya kawaida yanayopokelewa kuanzia tarehe 1 Oktoba.

Kuhusu ratiba kubadilika: masomo uliyoyapanga ni sehemu ya ahadi yako. University of California itakutaka mwezi wa Januari ujaze taarifa mpya ya alama za vuli na masomo ya machipuo, na hapo ndipo mahali pa kueleza mabadiliko. Yakitokea baada ya hapo, hasa ukitaka kuacha somo lililo katika matayarisho ya fani, iandikie kampasi kabla ya kuliacha na utunze jibu lao la maandishi. Kampasi nyingi zinaweza kuvumilia somo la jumla lililobadilishwa na lingine la aina hiyo. Umeme na sumaku ukiacha bila kusema, transkripti ya mwisho, ambayo lazima itufikie kufikia tarehe 1 Julai, itatueleza yenyewe, na wakati huo mwenye uamuzi hatakuwa wewe. Kwa kampasi ile ya nne isiyotambua statiki yako, waandikie idara sasa uwaulize kama wanafunzi wanaohamia huisoma robo ya kwanza. Wakisema inafungua mlango wa masomo mengine matatu, weka jambo hilo katika mizani unapozipanga kampasi zako.